Mwani wa Kutoa Haidrojeni: Mbona Bado Hauijazi Tangi la Gari Lako?

Ule ukijani unaoshika kwa tangi la maji ukiacha kuliosha, usiudharau, msee. Kuna mwani mdogo wa aina hiyo unaoitwa Chlamydomonas reinhardtii, na unajua kutoa haidrojeni, gesi ambayo ikichomwa na oksijeni inaacha maji tu.

Hii stori si ya juzi. Hans Gaffron, Mjerumani aliyehamia Chicago, aliandika na mwenzake Rubin mwaka wa 1942 kwamba mwani ukikosa oksijeni hutoa haidrojeni, haswa ukipigwa na mwanga.

Noma iko hapa. Jua likiwaka, mwani unapasua maji: oksijeni inatoka, elektroni na protoni zinabaki. Kimeng'enya kinachoitwa haidrojenesi kinaziunga hizo mbili kuwa haidrojeni. Lakini oksijeni ikikigusa, kinazima. Yaani mashine inatoa hewa ya kujiua yenyewe, maze!

Mwaka wa 2000, Anastasios Melis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wenzake wakaja na ujanja: nyima mwani salfa. Bila salfa hauwezi kurekebisha mitambo yake ya kupasua maji, so oksijeni inapungua, ile kidogo inayobaki mwani unaipumua wenyewe, halafu haidrojeni inatoka kwa siku kadhaa. Shida ni kwamba mwani umelala njaa. Usiporudishiwa salfa, unakufa.

Ndio maana wakaingilia jeni. Timu ya Melis ilitengeneza aina inayoitwa tla1, yenye klorofili kidogo. Kidogo tena? Eeh, juu mwani wa kawaida ni mchoyo: ule wa juu unanyakua jua kuliko unavyoweza kutumia, ule wa chini unabaki giza. Nao watafiti wa Ujerumani na Australia waliripoti mwaka wa 2005 kwamba mwani wao, Stm6, ulitoa haidrojeni mara 5 hadi 13 kuliko ule wa kawaida.

Mara 13 inasikika tamu, lakini ni mara 13 ya kitu kidogo sana. So ukitumiwa video ya mtu akidai gari lake linakunywa mwani, muulize amemalizana aje na oksijeni. Kisha muulize gesi anaishikia wapi, maana kwa dimbwi wazi inapaa tu. Lazima mwani ukae kwa vyombo vilivyofungwa vinavyopitisha mwanga, na hivyo, bana, ni ghali kuliko dimbwi.