Nathari na Mashairi katika Kitabu Kimoja

Boethius, mwanachuoni wa Roma, alikuwa konsuli mwaka 510. Baadaye mfalme Theodoric alimtia kifungoni kwa shtaka la uhaini, na yapata mwaka 524 akauawa. Humo kifungoni alitunga kitabu cha Faraja ya Falsafa, chenye sehemu tano, ambamo mashairi na nathari hupokezana: chaanza kwa shairi, chaisha kwa nathari.

Kupokezana huko si pambo tu. Falsafa, aliyeletwa kwa sura ya bibi, kwanza awafukuza mabibi wa ushairi waliozunguka kitanda cha mfungwa, kwa kuwa wamzidishia kilio. Kisha yeye mwenyewe aimba. Nathari huhoji, wimbo humpumzisha mgonjwa apate kustahimili dawa iliyo kali zaidi. Na kadiri hoja zinavyokuwa nzito, ndivyo nathari inavyozidi urefu.

Tafsiri ya Kiingereza cha kale, ambayo mapokeo huihesabu kuwa ya mfalme Alfred, kwanza iliyageuza mashairi kuwa nathari. Halafu karibu yote yakatungwa upya kwa kanuni za ushairi wa lugha hiyo. Nasi tufasirio vitabu yafaa tujiulize: wimbo tukiufanya maelezo, msomaji atapata maana, je, atapata na pumziko?