Milima ya Amani na Njia Zake

Msafiri atokaye Tanga kwenda Muheza, aionapo Usambara ya Mashariki kwa mbali, huidhani kuwa vilima tu. Kweli si mirefu; Amani penyewe pana futi 3000 hivi juu ya bahari. Lakini urefu si kipimo pekee cha mlima. Pepo za Bahari ya Hindi huleta mvua nyingi huku, na kwa sababu hiyo msitu una mimea na wanyama wasioonekana po pote pengine duniani.

Njia za kwanza hazikuchorwa na mpima ardhi, bali zilikanyagwa na miguu ya Wasambaa. Wadachi walizikuta. Mwaka wa 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyetawala upande wa Tanga, alimpelekea baba yake Ulaya ua dogo la zambarau liotalo penye miamba yenye kivuli. Wataalamu waliliita Saintpaulia, kwa jina lake. Siku hizi lapandwa madirishani kote Ulaya na Marekani, na wengi walimwagiliao maji hawajui kwao ni wapi.

Mwaka wa 1902 Wadachi walianzisha Amani chuo cha kuchungua mimea, wakapanda miti ya nchi nyingi. Vita vya 1914 vilipofunga bahari, hapo ndipo palipotengenezwa kwinini kwa magome ya miti. Baadaye, zamani za Waingereza, wataalamu wa Amani walichanganya mbegu za mihogo ili ipate kushinda ugonjwa wa majani. Lakini si kila mgeni alileta heri: musizi, mti ulioletwa kutoka nchi za Ziwa, umejitawanya msituni na kuisonga miti ya asili.

Atakaye kuijua historia hii na aende kwa miguu. Aanze Sigi, palipofika zamani reli ndogo iliyokwisha kung'olewa, apande hata Amani, kisha akwee kilima cha Mbomole, aitazame nyika chini yake.

Na akiwa juu, na afikiri. Mto Zigi, uanziao katika misitu hii, ndio unaonywesha mji wa Tanga. Kwa hiyo twasema kuuhifadhi ni haki, nayo Serikali ilifanya hivyo mwaka wa 1997. Lakini huko Derema wakulima waliopanda iliki chini ya miti mikubwa walitakiwa kuyaacha mashamba yao, wakalipwa fidia. Iliki ilikuwa ada ya shule na bati la nyumba. Basi sisi tunywao maji ya mlima tukumbuke kwamba kuna waliotulipia bei yake. Msitu utalindwa vema siku ile jirani yake atakapopata fungu lake katika faida, wala si katika hasara peke yake.