Marashi ya Mvuke: Yajue Kabla ya Kuyatia Chakulani

Ni nadra maulidi au harusi ya Mswahili kupita bila mrashi. Mgeni hunyunyiziwa viganjani, akajipaka usoni na nguoni. Marashi hayo hayo hutiwa kwenye biriani, na msiba ukitufika, hurashiwa sanda. Lakini si kila chupa iliyochorwa waridi ina waridi ndani.

Marashi ya asili hutokana na mvuke. Maua huchemshwa, mvuke hubeba harufu, na ukigusa kitu baridi hurudi kuwa maji. Juu ya maji hayo huelea mafuta kidogo mno: kilo 1 ya mafuta ya waridi hutaka tani 3 au zaidi za maua. Maji yaliyobaki chini ndiyo marashi.

Kule Jabal Akhdar, Oman, mawaridi huchumwa alfajiri, kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei. Kwa njia ya jadi hupikwa katika chungu cha udongo, juu kukawekwa bakuli la shaba lenye maji baridi. Marashi yake huwa na rangi ya hudhurungi na harufu ya moshi.

Nyumbani pia yawezekana. Weka bakuli tupu katikati ya sufuria, uzungushie maua na maji kidogo. Geuza mfuniko juu chini, utie barafu juu yake, kisha chemsha kwa moto mdogo. Matone yataingia bakulini. Usitumie mawaridi ya dukani yaliyopigwa dawa ya wadudu. Asmini nayo iache: harufu yake haistahimili moto, mahali pake ni kikubani.

Ukinunua, soma maandishi ya chupa. Ikiwa ni maji, harufu ya kutengenezwa na rangi, hayo ni ya kurashia nguo tu, usiyatie chakulani. Wala usiyachanganye marashi na mafuta. Mafuta ya karafuu, kama yanayokamuliwa kwa mvuke kutoka makonyo kule Wawi, Pemba, ni makali na huunguza ngozi.

Marashi ya nyumbani huharibika. Yaweke kwenye chupa safi, ndani ya friji. Yakifanya utando au yakibadilika harufu, yamwage. Na machoni usitie yoyote, hata ya asili. Jicho likiuma, nenda hospitali.