Akina Mama wa Plaza de Mayo na Mkono wa Ng'ambo

Jumamosi ya tarehe 30 Aprili 1977, wanawake 14 walikusanyika Plaza de Mayo, uwanja ulio mbele ya ikulu ya Argentina jijini Buenos Aires. Walikuwa wakitafuta watoto wao waliokamatwa wasionekane tena. Jeshi lilikuwa limetwaa madaraka tarehe 24 Machi 1976. Chini ya utawala wake watu walichukuliwa majumbani usiku, wakafungwa katika vituo vya siri na kuteswa. Wengi walitupwa baharini kutoka kwenye ndege wakiwa bado hai. Serikali haikukiri kwamba iliwashika. Mama aliyekwenda polisi, kambini au mahakamani alijibiwa kuwa mwanawe hajulikani aliko. Watu hao wakaja kuitwa waliotoweshwa, na mashirika ya haki za binadamu nchini humo yanakadiria kuwa walifika 30,000.

Azucena Villaflor, ambaye mwanawe alitoweshwa Novemba 1976, ndiye aliyewashawishi wenzake waache kuhangaika mmoja mmoja kwenye milango ya ofisi, wasimame pamoja mahali pa wazi. Sheria ya hali ya hatari ilikataza mikusanyiko, kwa hiyo polisi waliwaamuru wasisimame, watembee. Wakatembea kweli, wawili wawili wameshikana mikono, wakiuzunguka mnara ulio katikati ya uwanja. Mzunguko huo ukawa wa kila Alhamisi alasiri. Oktoba mwaka huohuo, katika hija ya kwenda Luján, walijifunga kichwani nepi nyeupe za kitambaa ili watambuane katika umati, na kitambaa hicho cheupe kikawa alama yao ya kudumu.

Mwanzoni, msaada wa nchi za nje ulimaanisha mahali pa kukimbilia. Esther Ballestrino de Careaga, mtaalamu wa biokemia aliyekuwa ameikimbia Paraguay kwa sababu za kisiasa, alinyang'anywa binti yake wa miaka 16, mjamzito, katikati ya mwaka 1977. Binti huyo aliachiwa miezi michache baadaye, akapata hifadhi Uswidi. Mama yake angeweza kubaki naye salama. Alirudi uwanjani, kwa sababu watoto wa wenzake walikuwa hawajapatikana.

Tarehe 8 Desemba 1977 Esther alikamatwa kwenye kanisa la Santa Cruz pamoja na mama mwingine, María Ponce de Bianco, na mtawa wa Kifaransa, Alice Domon. Siku hiyo walikuwa wakichanga fedha za tangazo la gazetini lenye majina ya waliotoweshwa. Tangazo lilitoka tarehe 10, na asubuhi hiyo Azucena Villaflor alikamatwa karibu na nyumbani kwake. Mtawa wa pili, Léonie Duquet, alichukuliwa siku hiyohiyo. Aliyewasaliti ni Alfredo Astiz, ofisa kijana wa jeshi la wanamaji, aliyejiunga nao akijifanya ana kaka aliyetoweshwa. Ufaransa ilipaza sauti kuwadai watawa wake, lakini sauti hiyo haikumwokoa yeyote kati yao. Katika kipindi hicho kilio cha nchi za nje kilikuja baada ya watu kuchukuliwa, wala hakikuwa na wa kukipeleka ndani ya magereza yasiyokiriwa kuwepo.

Mambo yalianza kubadilika kupitia jambo ambalo watawala walilitayarisha kwa ajili ya sifa zao wenyewe. Kombe la Dunia lilifunguliwa Buenos Aires tarehe 1 Juni 1978, nayo ilikuwa Alhamisi. Waandishi wa televisheni ya Uholanzi walikwenda Plaza de Mayo badala ya kubaki kwenye sherehe za ufunguzi. Akina mama wakawazunguka, wakawaambia mbele ya kamera kwamba waandishi hao ndio tumaini lao la mwisho. Picha hizo zilizunguka Ulaya. Nchini Uholanzi, Liesbeth den Uyl, mke wa aliyekuwa waziri mkuu, aliongoza kikundi cha wanawake kilichochangisha fedha kwa ajili ya akina mama wa Argentina, na michango hiyo iliwawezesha kupata nyumba yao ya kufanyia kazi. Huenda hakuna msaada mwingine uliowafaa kama huo. Watu waliokuwa wakikutana makanisani na kwenye mikahawa, wakijifanya wanasherehekea siku ya kuzaliwa, sasa walikuwa na mlango wao, meza yao na kabati la kuhifadhi majina.

Huenda kuandikwa kwa majina ndiko kulikowatia watawala hofu zaidi kuliko maandamano. Katika ubalozi wa Marekani, ofisa Tex Harris aliwafungulia milango jamaa za waliotoweshwa, akasikiliza na kuandika kisa cha kila mmoja, maelfu kwa maelfu. Septemba 1979 Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilifika Buenos Aires. Foleni ya watu wenye malalamiko ilizunguka mitaa, na tume ikapokea malalamiko 5,580. Wakati huohuo serikali ilitunga sheria iliyoruhusu waliotoweshwa kuhesabiwa kuwa wamekufa. Akina mama waliikataa: hawakutaka vyeti vya kifo kutoka kwa wale waliokana kuwashika watoto wao.

Hata hivyo, ng'ambo haikuwa salama kwa wote. Mwaka 1980 Noemí Gianetti de Molfino, mmoja wa akina mama hao, alitekwa jijini Lima kwa ushirikiano wa majeshi ya Peru na Argentina. Wiki chache baadaye maiti yake ilikutwa katika hoteli moja ya Madrid.

Miongoni mwa akina mama hao, mabibi waliokuwa wakiwatafuta wajukuu waliozaliwa vizuizini walihitaji msaada wa aina nyingine: namna ya kuthibitisha ujamaa wa mtoto ambaye wazazi wake wote wawili hawapo. Waliipeleka hoja hiyo Marekani, ambako daktari Víctor Penchaszadeh, Mwajentina aliyekuwa uhamishoni New York, aliwaunganisha na wanasayansi. Mmoja wao, Mary-Claire King, alisaidia kuunda hesabu ya vinasaba inayotumia damu ya mabibi na mababu. Baada ya utawala wa kiraia kurudi tarehe 10 Desemba 1983, njia hiyo ilitumika kumrudisha msichana wa miaka minane kwa bibi yake mwaka 1984. Wajukuu waliopatikana hadi leo wamezidi 130.

Mwaka huohuo wa 1984, Clyde Snow, mtaalamu wa mifupa kutoka Marekani, alianza kuwafundisha wanafunzi wa Buenos Aires kufukua makaburi kitaalamu. Kikosi kilichotokana na mafunzo hayo ndicho kilichofungua makaburi yasiyo na majina huko General Lavalle, ambako maiti zilizosukumwa ufukweni na mawimbi mwishoni mwa 1977 zilikuwa zimezikwa. Mwaka 2005 mifupa ya Azucena Villaflor, Esther Ballestrino na María Ponce ilitambuliwa, na ya Léonie Duquet pia. Alice Domon hajapatikana. Astiz alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2011. Majivu ya Azucena yalizikwa Desemba 2005 Plaza de Mayo, chini ya mnara ambao yeye na wenzake waliamriwa wauzunguke bila kusimama.