Banani: shamba la karafuu lililowapokea walioachwa huru Pemba

Anayetaka kujua Uislamu una umri gani Pemba na aende Msuka, kaskazini ya kisiwa, wilaya ya Micheweni. Katika magofu ya msikiti wa Msuka Mjini, ndani ya kibla, iliandikwa tarehe ya mwaka 816 Hijria, yaani karibu na 1414 Miladia. Kwa hiyo wamisionari wa Kiingereza waliotia nanga kisiwani mwaka 1897 walifika kwa watu waliokwisha kusali na kufunga kwa karne nyingi. Kilichowaleta ni utumwa, na kumbukumbu yao inapaswa kupimwa kwa yale waliyowatendea watu waliotoka utumwani.

Utumwa wa Pemba ulikuwa na uhusiano wa karibu na karafuu. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ikasalimika. Wenye mali wakaielekeza nguvu yao huku, na kisiwa kikawa ndicho mzalishaji mkubwa. Karafuu haisubiri. Tumba likishaiva lazima lichumwe kabla halijafunuka ua, mchumaji akiwa juu ya matawi yanayokatika upesi. Kisha huja kazi ya kuchambua makonyo, kuanika kwenye majamvi, na kuyakusanya mbio mvua inapotishia. Kazi yote hiyo ilitaka mikono mingi, na mikono hiyo ilikuwa ya watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini majahazi ya magendo yaliendelea kuingia Pemba. Disemba 1881 Kapteni Charles Brownrigg wa manowari ya HMS London aliuawa karibu na kisiwa hiki alipokuwa akilikagua jahazi la namna hiyo.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, chini ya shinikizo la Uingereza, alitia saini amri ya kuiondolea hali ya utumwa nguvu ya kisheria. Aliyetaka uhuru alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuudai, na bwana wake akilipwa fidia. Aliyeachwa huru hakulipwa kitu. Zaidi ya hayo, alipaswa kuonyesha kwamba ana makazi ya kudumu na njia ya kujipatia riziki, ama sivyo angehesabiwa mzururaji. Masuria hawakuingizwa katika haki hiyo. Wao walisubiri sheria ya mwaka 1909.

Tumfikirie mwanamke aliyeletwa Pemba akiwa mtoto, kutoka bara asikokumbuka hata jina la kijiji chake. Nyumba anayolala ni ya bwana, na kiwanja anachopanda muhogo ni cha bwana. Siku anayopokea hati yake, mahakama inamuuliza anaishi wapi na anakula nini. Bila ardhi, jibu lake pekee lilikuwa kurudi kwa yuleyule bwana na kupatana naye upya.

Hapo ndipo Banani ilipopata maana yake. Henry Stanley Newman, mhariri wa gazeti la The Friend huko Uingereza, alifika Unguja na Pemba mwaka huohuo wa 1897 kwa niaba ya Quaker, Wakristo wanaojiita Marafiki, ambao walikuwa wameupinga utumwa kwa zaidi ya miaka 100. Marafiki wakanunua shamba la mikarafuu Banani, karibu na Chake Chake, na Theodore Burtt akakabidhiwa kazi ya kulisimamia. Mwaka 1898 Newman alitoa kitabu alichokiita kwa jina la shamba hilo. Walioachwa huru walipata mahali pa kujenga, udongo wa kulima chakula chao, na ujira kwa kazi yao. Yale mambo mawili yaliyotakiwa na amri, makazi na riziki, yalipatikana mahali pamoja. Watoto nao wakafundishwa kusoma.

Pwani ya Kenya ilikuwa imeshaliona jambo kama hili. Wamethodisti waliingia Ribe mwaka 1862 wakiongozwa na Thomas Wakefield, kwa msaada wa mmisionari Johann Ludwig Krapf, na baadaye wakafika Jomvu. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walipata hifadhi kwao, na wengine wengi kwa Waanglikana wa Rabai, mpaka mabwana wakaja kuwadai. Ugomvi ulimalizwa kwa fedha: George Mackenzie wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki alikubali kuwalipia watoro zaidi ya 1,400, dola 25 kwa kila mmoja, na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikagawiwa Rabai.

Banani haikuwa pepo. Marafiki walikuwa na masharti yao: walihimiza ndoa, walipinga ulevi, na walitaka watu wahudhurie ibada. Wapo waliokaa, na wapo waliohama kutafuta kiwanja kwingine. Ukristo haukuenea Pemba. Wengi wa walioachwa huru walitaka heshima mbele ya majirani zao, na heshima hiyo waliitafuta msikitini, katika ndoa halali, katika nguo ya kusitiri, na katika mazishi ya kiungwana. Anayehesabu waliobatizwa ataliona shamba lile kama kazi iliyoshindwa. Hata hivyo Marafiki hawabatizi kwa maji. Mtu aliyepokewa, akalipwa ujira wake, kisha akaondoka Banani akiwa Mwislamu yuleyule alikuwa ameshasaidiwa, na msaada huo haupungui kwa sababu hakubadili dini.

Shuleni Pemba watoto huambiwa habari za Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pujini, na wageni hupelekwa kuona magofu ya Ras Mkumbuu. Hizo ni kuta za wenye nguvu, na ni haki tuzitunze. Walioichuma karafuu iliyokitajirisha kisiwa hawakuacha kuta. Waliacha majina katika kumbukumbu za mahakama na wajukuu katika kila mji wa Pemba, na wengi wa wajukuu hao wamefundishwa kunyamaza kuhusu asili yao. Banani inastahili kufundishwa pamoja na Pujini na Msuka, kwa kuwa pale watumwa wa jana walilipwa kwa jasho lao, na katika hilo hakuna la kumwonea mtu haya.