Ushawishi, uchagizi na belo la mitumba

Belo la mitumba la kilo 45 likifika sokoni Mchikichini, Ilala, kazi huanza kwa kukata mikanda. Mkanda wa mwisho ukikatika mzigo hufumuka wenyewe, na wateja waliodamka tangu alfajiri huanza kusukumana: nani achague kwanza, nani abakiwe na mashati yasiyo na vifungo. Kuchagua huko ndiko kulikowapa jirani zetu neno. Kigali na Bujumbura mitumba huitwa caguwa, na hiyo ni chagua yetu iliyovuka mpaka ikaandikwa kwa tahajia ya huko.

Mwaka 2016 belo lilibeba kitu ambacho wasukumanao hawakukiona. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola ya Marekani kwa kilo hadi senti 40, au asilimia 35 ya thamani, kitakachozidi. Kwa kipimo cha kilo, belo letu lilitoka dola 9 likafika 18. Rwanda haikuishia hapo, ikatoza dola 2.50 kwa kilo. Belo lile lile, likipitia forodha ya Rwanda, lilidaiwa dola 112 na nusu.

Hesabu hiyo ndiyo iliyotuletea mezani neno lililotusumbua sisi tunaofasiri habari za biashara. Mwaka uliofuata taarifa kutoka Washington zilimiminika, na karibu kila moja ilikuwa na “lobbying”, lile neno ambalo Waingereza walilitoa kwenye ukumbi wa bunge, pale ambapo asiye mbunge humvizia mbunge akipita ili amweleze haja yake. Wengi wetu tuliandika “ushawishi”. Wengine wakaandika “kubembeleza”. Mwenzangu mmoja aliandika “kupiga debe”, nikamkatalia. Mpiga debe yuko stendi, anapaza sauti ili kila abiria asikie. Huyu wa ukumbini anamtafuta mtu mmoja tu, mwenye kalamu ya kutia saini, na mara nyingi angependa wengine wasisikie.

Kisa chenyewe kilikwenda hivi. Machi 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya walikutana Arusha wakaazimia kuachana na nguo na viatu vya mitumba hatua kwa hatua, ili viwanda vya nguo na ngozi vipate pumzi. Aliyepita Ubungo enzi za king’ora cha Urafiki, kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, hahitaji kuelezwa walichokuwa wanakitamani. Wakenya nao wana Rivatex ya Eldoret na Kicomi ya Kisumu za kukumbuka. (Kwamba mitumba ndiyo iliyoviua viwanda hivyo peke yake, mimi sikubali. Umeme wa kukatikakatika, mitambo iliyozeeka na nguo mpya za bei poa kutoka Asia zina sehemu yao katika msiba huo.)

Machi 2017 chama cha Wamarekani wanaofanya biashara ya nguo zilizotumika, kwa kifupi SMART, kikapeleka karatasi kwenye Ofisi ya Mwakilishi wa Biashara wa Marekani. Kilidai kwamba ushuru wa Afrika Mashariki unahatarisha ajira 40,000 za Wamarekani na unakiuka masharti ya AGOA, mpango uliokuwa ukiruhusu bidhaa za nchi nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Juni mwaka huo ofisi hiyo ikatangaza mapitio maalumu dhidi ya Rwanda, Tanzania na Uganda. Burundi haikuguswa kwa sababu ilikwisha kuondolewa AGOA tangu Januari 2016. Kenya ilisalimika kwa sababu ilirudi nyuma mapema, ikafuta nyongeza ya ushuru kuanzia Julai 2017. Nani angeilaumu? Kenya ilikuwa inauza Marekani nguo za zaidi ya dola milioni 300 kwa mwaka kupitia AGOA, zinazoshonwa na maelfu ya watu katika viwanda vya Athi River na kwingineko.

Sasa turudi kwenye maneno. Kiswahili tulichokitumia kuieleza habari hii kiliifanya ionekane ya upole kuliko ilivyokuwa.

Chukua “ombi”. Karatasi ya SMART tuliiita ombi, na kisheria ndivyo ilivyo. Lakini kwetu anayeomba huja mikono mitupu, na akinyimwa huondoka. Karatasi ile ikikubaliwa, nchi tatu zingepoteza soko. Hayo ni malalamiko, tena yana adhabu ndani yake. Siku hizi naandika “malalamiko rasmi”.

Au “mkataba wa AGOA”, maneno ambayo hadi leo yanasomwa redioni. Mkataba una pande mbili zilizotia saini, kila moja ikiwa na wajibu na haki ya kudai. AGOA ni sheria ya Bunge la Marekani ya mwaka 2000, iliyoongezewa muda wa miaka 10 mwaka 2015. Hakuna rais wa Afrika aliyeisaini. Mojawapo ya masharti yake ni kwamba nchi inayonufaika iwe inaondoa vikwazo kwa biashara ya Marekani, na anayeamua kama sharti limetimizwa ni rais wa Marekani. Ukiiita mkataba, msomaji atauliza kwa nini hatukwenda mahakamani. Ukiiita sheria ya upendeleo, ataelewa kwa nini mabalozi wetu walikuwa wanazunguka ofisi za Washington: upendeleo haudaiwi mahakamani, hutafutwa kwa kumwendea mwenye nao.

“Ushuru wa kuhami viwanda” nauunga mkono bila shida, kuliko “kodi ya kujilinda” inayoandikwa magazetini. Ushuru hutozwa mpakani. Kodi ni habari nyingine. Na kuhami ni neno lenye ukoo wa kuvutia, kwani shina lake la Kiarabu ndilo lililotupa pia himaya. Zanzibar ilipowekwa chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1890 iliambiwa inalindwa. Kila unapoona neno la kulinda katika habari za biashara, tazama nani anayelindwa na nani anayeulipia ulinzi huo. Katika hili mlipaji alikuwa mama anayenunua sweta la mtoto sokoni, na hilo wanaoupenda ushuru huo, nikiwamo mimi siku nyingine, hatulisemi vya kutosha.

Sasa ushawishi wenyewe. Neno hili limebebeshwa mizigo mitatu. Kuna ushawishi wa mtu anayesikilizwa, kama tunavyosema China ina ushawishi Afrika. Kuna ushawishi wa kumvuta mtu kwenye jambo, hata baya. Mkatoliki anayesali asiingizwe katika kishawishi anaujua huo. Na kuna huu wa mabalozi na wenye viwanda. Lugha imejaribu kutuokoa kwa vitenzi: ukisema nchi ina ushawishi, unazungumzia uzito wake, ukisema inafanya ushawishi, unazungumzia kazi inayotendeka wiki hii, mlango kwa mlango. Tofauti ni nzuri, ila ni nyembamba. Mhariri mwenye haraka akiandika “ushawishi wa Kenya Washington”, msomaji hajui kama Kenya inaheshimika huko au inahangaika.

Ndiyo maana nalipigania neno uchagizi. Kuchagiza ni kumng’ang’ania mtu kwa jambo, kumrudia na kumrudia mpaka aitikie. Anayechagiza ana anachokitaka na hakifichi. Mashirika yasiyo ya kiserikali Tanzania yana msamiati wao, “ushawishi na utetezi”, wengine “uchechemuzi”, na sina ugomvi nao. Lakini hayo yamezoeleka kwa kazi ya kuwatetea wanyonge. Chama cha wafanyabiashara kinachotaka ushuru wa nchi ya mbali ufutwe si mnyonge wala hakichechemui chochote. Kinachagiza.

Kuna atakayesema uchagizi una harufu ya usumbufu. Ni kweli, na ndiyo sababu linafaa. Marekani kwenyewe kazi hii inatambuliwa kuwa na maslahi ndani yake hata ikatungiwa sheria: tangu 1938 wanaotumikia serikali za kigeni kwa shughuli za kisiasa wanatakiwa kujiandikisha, na sheria ya 1995 inawataka wachagizi wa kulipwa waseme wanamtumikia nani. Kumwita mtu wa namna hiyo “mshawishi” ni kumpunguzia sifa yake kuu, kwamba kuna anayemlipa. “Wakala wa uchagizi” linaeleweka papo hapo.

“Ushawishi wa kidiplomasia” ningeuacha kwa kazi ya balozi mwenyewe, anayekwenda kwa jina la nchi yake na kadi yake mkononi. Hapo upole una maana, kwa kuwa balozi kesho atarudi ofisi ile ile kwa jambo jingine. Yu karibu zaidi na mshenga: anapeleka posa, anarudi na masharti, na hana ruhusa ya kukasirika.

Tofauti hii inaonekana vizuri katika mwisho wa kisa. Mwaka 2017 wachagizi walidai, mabalozi walishawishi, na serikali zetu zilipima. Februari 2018 wakuu wa Jumuiya walikutana Kampala, wakasema watakuza viwanda vya nguo bila kupiga mitumba marufuku. Tanzania na Uganda zikahesabiwa kuwa zimerekebisha mambo. Rwanda ikakataa, Rais Kagame alikwisha kusema kwamba kati ya kupokea nguo zilizotumika na kujenga viwanda, yeye anachagua viwanda. Julai 30, 2018 Marekani ikaisimamishia Rwanda msamaha wa ushuru kwa nguo. Neno ni kusimamisha, na waliolifasiri “imefukuzwa AGOA” walikosea, kwa sababu bidhaa nyingine za Rwanda ziliendelea kuingia kama zamani. Nguo zilizoathirika zilikuwa za kiasi cha dola milioni 1.5 kwa mwaka, takribani asilimia 3 ya mauzo yote ya Rwanda Marekani.

Linganisha na milioni 300 za Kenya. Ushawishi ule ule, uchagizi ule ule, lakini aliyekuwa na kidogo cha kupoteza ndiye aliyeweza kusema hapana. Kwa hiyo wewe unayefasiri habari kama hii usiku, gazeti likisubiri kwenda mitamboni, kabla ya kuandika “ushawishi” uliza mambo mawili: ni nani anayemwendea nani, na akikataliwa nani ataumia. Jibu likiwa anayeendewa hana cha kupoteza, andika ushawishi. Likiwa kuna soko la watu mkononi mwa anayedai, andika uchagizi, na jina la anayelipa lisikose katika aya ya kwanza.