Kufanana si Undugu: Kikorea, Kitamili na Funzo la Lugha za Mara

Utangulizi

Mwaka 1905 Homer Hulbert, mwalimu na mmisionari Mmarekani aliyefika Korea mwaka 1886, alichapisha kitabu kilicholinganisha sarufi ya Kikorea na ile ya lugha za Kidravidi za India, ambazo Kitamili ni mojawapo. Robert Caldwell alikuwa amekwisha kuonyesha, mwaka 1856, kwamba lugha za Kidravidi ni za ukoo mmoja. Hulbert alitaka kuuingiza Uknorea katika ukoo huo. Dai lake halikukubaliwa na wanaisimu wengi, lakini halijafa; kila mwanafunzi anayejifunza lugha hizo mbili hukutana nalo upya.

Makala haya yanachukua dai hilo kama kipimo cha mbinu. Hoja yake ni kwamba kufanana kwa maneno mawili hakuthibitishi undugu wa lugha, na kwamba jambo hili lina uzito mkubwa zaidi mkoani Mara kuliko Korea au India. Kikorea kina maandishi ya Hangul tangu karne ya 15, na Kitamili kina maandishi ya kale zaidi ya miaka 2,000. Historia ya Mara ya kabla ya ukoloni haikuachiwa hazina kama hiyo. Imehifadhiwa kwa sehemu kubwa katika masimulizi na katika lugha zenyewe. Anayezisoma lugha hizo vibaya huwapa watu historia isiyo yao.

Ushahidi wa Kikorea na Kitamili

Mfanano unaotajwa mara nyingi huvutia. Mtoto wa Kikorea humwita babaye *appa* na mamaye *eomma*. Wa Kitamili husema *appa* na *amma*. "Mimi" ni *na* kwa Kikorea na *naan* kwa Kitamili. Lugha zote mbili huweka kitenzi mwishoni mwa sentensi, huambatisha viambishi mwishoni mwa maneno, na huweka baada ya nomino kile ambacho Kiswahili hukiweka kabla yake.

Hata hivyo, kila ushahidi una udhaifu wake. Roman Jakobson alikwisha kueleza kwa nini maneno ya kuwaitia wazazi hufanana duniani kote: hujengwa kwa sauti za midomo, ambazo mtoto huzimudu mapema. *Baba* na *mama* za Kiswahili ni za aina hiyohiyo. Viwakilishi vifupi navyo hukutana kwa sadfa. Kiswahili kina *ni-* ya nafsi ya kwanza, wala hakuna anayedai kwamba Kiswahili ni ndugu wa Kitamili. Mpangilio wa kiima, yambwa na kitenzi unapatikana pia katika Kituruki, Kijapani na lugha nyingine nyingi. Huo ni ushahidi wa aina ya lugha, si wa nasaba.

Tukigeukia msamiati usiokopwa kwa urahisi, mfanano hutoweka. Kikorea huhesabu *hana, dul, set, net*. Kitamili huhesabu *onru, irandu, moonru, naangu*. Aidha, kitenzi cha Kitamili hupatana na nafsi ya kiima, ilhali cha Kikorea hakipatani nayo. Kinachokosekana zaidi ni ulinganifu wa sauti wa kudumu, yaani kanuni inayosema kwamba sauti fulani ya lugha moja huitikiwa na sauti ileile ya lugha nyingine katika maneno mengi.

Ushahidi wa Mara

Katika eneo la Musoma, Bunda na Butiama pekee husikika Kijita, Kikwaya, Kiruri, Kizanaki, Kiikizu, Kikabwa, Kisukuma na Dholuo, na kaskazini yake Kikuria. Hapa kanuni inayokosekana kati ya Kikorea na Kitamili inaonekana waziwazi. Kikuria husema *omonto*, Kijita *omunu*, Kiswahili *mtu*. Wingi wake ni *abanto*, *abhanu* na *watu*. Na "kitu" ni *egento* kwa Kikuria na *echinu* kwa Kijita. Palipo na *nt* katika Kikuria, Kijita kina *n* na Kiswahili kina *t*. Maneno haya hayafanani sana masikioni. Tena Kikuria kina irabu saba na Kijita tano. Lakini tofauti zao zina utaratibu, na utaratibu huo ndio uthibitisho wa undugu. Ni kwa mbinu ya namna hii David Schoenbrun (1998) aliziweka lugha za Kibantu za Mara katika kundi la Nyanza Mashariki, lenye tawi la Suguti, walimo Wajita na Wakwaya, na tawi la Mara, walimo Wazanaki na Wakuria.

Dholuo inatoa funzo la upande wa pili. Hesabu yake ni *achiel, ariyo, adek, ang'wen, abich*, nayo inakaribiana mno na ile ya Kiacholi cha Uganda: *acel, aryo, adek, angwen, abic*. Jirani wa mbali ndiye ndugu. Mjita anayeishi mtaa mmoja na Mjaluo mjini Musoma huhesabu *kabhili, kasatu, kana, katanu*, hesabu iliyo karibu na ya Kiswahili. Kwa upande mwingine, neno *Nyasaye*, jina la Mungu katika Dholuo, linapatikana pia katika Kiluhya, na kwa umbo la *Nyasae* katika Kigusii, ambazo ni lugha za Kibantu. Kiacholi hakina neno hilo. Mfanano huo ni wa ujirani na ukopaji. Nao una thamani yake kihistoria, kwa kuwa unashuhudia watu walioshirikiana hata katika ibada.

Lugha na Ukoo wa Watu

Kosa jingine ni kudhani kwamba nasaba ya lugha ndiyo nasaba ya wasemaji. Wasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano, nchini Kenya, wana asili ya Kibantu, lakini wengi wao leo husema Dholuo. Anayetazama lugha yao ya sasa tu angewahesabu kuwa wametoka kaskazini pamoja na Wajaluo. Anayetazama masimulizi yao tu asingeelewa jinsi walivyobadilika. Kwa hiyo hekaya ya *Samguk Yusa*, kitabu cha Korea cha karne ya 13, juu ya malkia aliyetoka ng'ambo ya bahari, hata kama ingekuwa kweli, isingetosha kuifanya Kikorea kuwa lugha ya Kidravidi. Malkia anaweza kuhama bila lugha yake kurithiwa.

Hitimisho

Sababu za mfanano ni nne: urithi, ukopaji, sadfa na maumbile ya lugha ya binadamu. Ni urithi pekee unaothibitisha undugu, na hutambulikana kwa ulinganifu wa sauti, si kwa orodha ya maneno yanayovutia. Kazi hiyo inahitaji data. Wanaotaka kuandika historia ya Mara hawana budi kukusanya kwanza msamiati wa msingi, toni na maumbo ya vitenzi vya Kizanaki, Kikabwa na Kiikizu kutoka kwa wazee wa Butiama na Bunda, kabla Kiswahili hakijachukua nafasi ya maneno hayo. Neno likipotea bila kuandikwa, huondoka na ushahidi ambao hakuna masimulizi yatakayoweza kuurudisha.